Nipo Tu

Mwenzangu mmoja kazini, mwanamke wa Tashkent, alitoa mhadhara mfupi mwezi Januari kuhusu ushairi wa Kiuzbeki wa karne ya 20. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika chumba cha semina, na nashuku kwamba wawili kati yetu walivutwa na chai. Mimi nilikwenda kwa adabu ya kazi. Sijui Kiuzbeki, na nilichokijua kuhusu nchi ile hakikuzidi majina ya Samarkand na Bukhara. Lakini alipofika kwenye kanuni za utunzi na kutamka neno aruz, niliinua kichwa. Lilikuwa neno letu. Arudhi ya malenga wa Lamu na aruz ya Navoi ni watoto wa mama mmoja wa Kiarabu; mmoja alipitia kwa Waajemi akapanda hadi Asia ya Kati, mwingine akashuka na majahazi hadi kwetu.

Alizungumza juu ya Cho'lpon, mshairi aliyepigwa risasi mwaka 1938 pamoja na wenzake wengine wa kizazi chake, kisha akafika kwa Rauf Parfi, aliyezaliwa 1943 na kufariki 2005, mtu wa upweke na mashairi huru katika nchi ambayo mshairi alitarajiwa kuimba viwanda na mavuno ya pamba. Alituonyesha jinsi huzuni ya mtu mmoja, isiyodai chochote kwa serikali wala kuitukana, ilivyoweza kutiliwa shaka kwa sababu tu haikuwa na kazi yoyote katika ujenzi wa taifa. Mwishoni akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa Mwafrika pekee chumbani, akauliza: na katika Kiswahili, ni nani aliyethubutu kuuliza kama kuishi kwenyewe kuna sababu?

Nilijibu bila kupumua, kama mwanafunzi aliyekutana na swali alilolikariri. Nilisema: Euphrase Kezilahabi.

Mhadhara wangu juu yake huchukua dakika hamsini, na nimeutoa mara nyingi kiasi kwamba najua ni wapi wanafunzi watakohoa. Huanzia Namagondo, kisiwani Ukerewe, alikozaliwa 1944. Hupita kwenye *Rosa Mistika* ya 1971 na *Kichwamaji* ya 1974, kisha hutua kwenye *Kichomi*, diwani iliyotoka mwaka huohuo wa 1974 bila vina wala mizani na kuzusha ugomvi ambao haujaisha sawasawa hadi leo. Ninawaambia wanafunzi kwamba miaka 20 kabla yake Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za kutunga mashairi, na kwamba wapo waliomwona kijana huyu wa bara kuwa ameingia msikitini na viatu. Jumanne Mayoka hata alikiita kitabu chake *Mgogoro wa Ushairi*. Halafu ninaleta Camus na Sartre, ninaandika neno "udhanaishi" ubaoni, na ninamalizia na Madison, Wisconsin, ambako Kezilahabi alipata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu iliyotilia shaka mazoea ya kuifasiri fasihi ya Kiafrika kwa mizani ya Kizungu. Kinaya hicho, cha kutumia Camus kumweleza mtu aliyekataa kuelezwa namna hiyo, huwa ninakitaja kwa tabasamu na kuendelea. Sikuwahi kukikalia.

Wiki mbili baada ya semina ile nilikaa nacho usiku kucha, jikoni kwangu, Springfield.

Wasiopajua Springfield hawajapoteza mengi. Ni upande wa Virginia, kusini-magharibi ya Washington, mahali ambapo njia ya buluu ya treni za Metro inaishia na barabara kuu tatu, ile ya 95, ya 395 na ya 495, zinakutana na kupanda juu ya migongo ya wenzake kwa madaraja yasiyohesabika. Wenyeji huyaita makutano hayo bakuli la kuchanganyia. Kisheria Springfield si mji: haina meya wala baraza, ni jina tu ndani ya kaunti ya Fairfax, na Marekani ina Springfield nyingi kiasi kwamba ukilitaja bila jimbo hujamwambia mtu chochote. Nimeishi hapa miaka tisa. Napapenda kwa namna mtu anavyopenda koti lililomkaa vizuri bila kuwa zuri.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alifika hapa miaka mitatu iliyopita kwa bahati nasibu ya viza. Nyumbani, mkoani Kagera, alifundisha Kiswahili na jiografia katika shule ya sekondari kwa miaka tisa. Hapa anapanga vifurushi katika ghala, zamu ya usiku, na amepanga chumba cha chini ya nyumba ya watu, karibu na Backlick Road, chenye dirisha moja lililo usawa wa nyasi. Wakati wa baridi anatoka kazini kabla jua halijapanda vyema na kuamka linapozama. Shahada yake imo ndani ya bahasha, na bahasha imo ndani ya sanduku.

Tangu alipofika tumekuwa na mazoea ya kutumiana ujumbe. Mimi huuliza, "Upo?" Naye hujibu, "Nipo, dada." Katika miezi ya mwanzo jibu lilikuja na mkia: nipo, nimepata kazi, nipo, leo theluji imenifika magotini, nipo, nimeona twiga kwenye bustani ya wanyama, amenenepa kuliko wa kwetu. Kufikia Desemba mkia ulikatika. Likabaki neno moja, na baadaye likaongezwa jingine dogo: nipo tu.

Jumapili moja ya Februari nilimpelekea chakula. Nilimkuta amekaa kitandani na koti lake la kazi, taa haijawashwa. Tulizungumza habari za nyumbani, nani ameoa, nani amezikwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi, "Dada, sioni ninachokiishia." Nikauliza kama ni kazi. Akasema kazi ni sawa. Nikauliza kama ni fedha, kama kuna mtu amemuudhi, kama anaumwa. Yote akayakataa kwa upole. "Naamka, najiuliza, kwa hiyo? Jibu halipo. Nalala tena."

Ningependa kuandika kwamba nilimshika mkono. Nilichofanya ni kwenda kwenye gari na kurudi na vitabu. Nilikuwa navyo kwenye mfuko kwa ajili ya kipindi cha Jumatatu: *Kichomi*, nakala yenye jalada lililobandikwa kwa gundi niliyoinunua kwa muuza vitabu wa barabarani Dar es Salaam, na *Kichwamaji*. Nikamwambia kuna mtu aliyeyaandika hayahaya unayoyasema, tena kwa Kiswahili, tena mtu wa ziwani kama sisi. Nilisema nadhani yatakufaa. Nilijisikia, Mungu anisamehe, mwenye kazi.

Nilifika nyumbani, nikaweka maji jikoni, na maji yalipoanza kuchemka nikakumbuka jinsi *Kichwamaji* inavyoisha.

Kwa asiyekisoma: Kazimoto, msomi kijana aliyerudi kijijini na asiyeona maana ya lolote, anajiua. Rosa naye, katika riwaya iliyotangulia, anajiua. Mimi nimefundisha vifo hivyo viwili kwa miaka mingi. Nimeviita hitimisho la kimantiki. Nimesahihisha insha za wanafunzi walioviita hivyo na kuwapa alama nzuri. Sasa nilikuwa nimempelekea kitabu hicho mtu aliyekaa gizani na koti lake, na nikamwacha nacho.

Nilimpigia simu. Haikupokelewa, katika lile ghala simu hubaki kwenye makabati hadi zamu iishe. Nilijua hivyo, na nikaendelea kupiga. Nilikuwa na namba 988, ambayo nchi hii imeitenga kwa watu waliofika ukingoni, lakini namba hiyo ilikuwa kwenye simu yangu, si yake, na sikuwa nimempa. Nilikaa jikoni. Nikachukua *Karibu Ndani*, diwani yake ya pili, ya 1988, na *Stray Truths*, tafsiri za Annmarie Drury, nikijaribu kusoma kama mtu anayetafuta dawa kwenye kabati la mwenzake, anayegeuza kila chupa kuona imeandikwa nini. Sikupata dawa. Nilipata jambo jingine, na nitalieleza, maana ndilo lililonifanya niandike insha hii. Lakini kwanza niseme kilichotokea asubuhi.

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na maandazi, kama kisingizio. Akafungua. Aliniangalia, akaangalia maandazi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Umekuja kuchukua kitabu."

Nikasema nimekuja kuleta maandazi.

"Dada, hiyo *Kichwamaji* niliisoma mwaka wa pili chuoni. Nimewafundisha watoto habari zake. Ulidhani sijui Kazimoto anakufa?"

Sikuwa na la kujibu, na kwa kuwa sikuwa na la kujibu, nikamuuliza lile nililopaswa kuuliza siku iliyotangulia, bila kitabu mkononi: kama amefikiri kujiua. Alikaa kimya muda mrefu. Juu yetu wenye nyumba walikuwa wakitembeza viti. Akasema amefikiri, si leo wala jana, mwezi uliopita, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Wiki hiyo nilimsindikiza kwa daktari. Sitaandika zaidi juu ya hilo; mwenyewe amesoma rasimu hii na kunikatia aya mbili.

Nirudi jikoni, usiku ule.

Nilichokiona ni kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsoma Kezilahabi nikitafuta "kwa nini". Ndilo swali la Wazungu aliowasoma. Camus, mwaka 1942, alikifungua kitabu chake juu ya Sisifo kwa kudai kwamba falsafa ina tatizo moja tu la dhati, nalo ni kujiua: kuamua kama maisha yanastahili kuishiwa au la. Hilo ni swali la hukumu. Unayaweka maisha mizanini na kuyapima. Lakini angalia majina ambayo Kezilahabi aliyapa maandishi yake. *Dunia Uwanja wa Fujo*. *Karibu Ndani*. Shairi la "Fungueni Mlango". *Mzingile*, yaani ile njia ya kuzunguka isiyokupa pa kutokea. Uwanja, ndani, mlango, njia. Karibu yote ni mahali. Huyu si mtu anayeyapima maisha. Ni mtu anayeuliza yuko wapi.

Na Kiswahili ndicho kilichomlazimisha, au kilichomsaidia. Lugha yetu haina namna nyepesi ya kusema kwamba mtu yuko bila kusema papo hapo kwamba yuko mahali. Nipo, niko, nimo: po ya mahali panapojulikana, ko ya mahali pasipo dhahiri, mo ya ndani. Ukizing'oa silabi hizo hubaki na kitu. Tunasema Mungu yupo, na hata Yeye tunamwekea kiambishi cha mahali. Mtu akifa tunasema hayupo tena, kana kwamba ametoka kidogo. Wanasarufi watanikumbusha kwamba msemaji wa kawaida haifikirii po anapojibu salamu, na ni kweli; vilevile hatufikirii mifupa tunapotembea. Neno udhanaishi, ambalo nimeliandika ubaoni mara nyingi na sijawahi kulipenda, linaunganisha dhana na kuishi na kuliacha jambo lielee hewani, bila pa kukanyaga. Mdogo wangu hakuwa na udhanaishi. Alikuwa na "nipo tu", na katika kauli hiyo po ilikuwa imelegea kama jino.

Baadaye nilimuuliza mwenzangu wa Tashkent Kiuzbeki husemaje. Akasema wana neno bor, lenye maana kwamba kitu kipo, na yo'q, kwamba hakipo, na yote mawili yanasimama peke yake bila kuhitaji mahali. Akaongeza, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa, kwamba bor hiyohiyo ikitamkwa kama amri humwambia mtu "nenda". Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku hiyo na sijui la kulifanyia.

Ukimsoma Kezilahabi kwa swali la wapi, ugomvi wa vina nao hubadilika sura. Tumezoea kuusimulia kama vita vya wa kale na wa kisasa, au pwani na bara, na katika kila simulizi kuna mtu anayetukanwa bila haki. Lakini fikiria *Al-Inkishafi*, utenzi ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga yapata miaka 200 iliyopita akiyatazama magofu ya Pate. Mara nyingi tumeambiwa kwamba mashairi ya kale ya Kiswahili yalitoa mawaidha tu na kwamba shaka ililetwa na wasomi wa vyuo vikuu. Mshairi huyu anauketisha moyo wake mbele yake na kuuhoji kwa ukali ambao sijauona kwa Sartre. Anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya kauri, sasa makao ya popo na bundi, kisha anauliza waliokuwamo wako wapi. Swali ni lilelile, wapi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jibu. Walikuwa kaburini, na baada ya kaburi kulikuwa na mahali pengine pawili palipojulikana kwa majina. Ramani ilikuwa kamili, hata kama iliogopesha. Na kila ubeti ulitua kwenye kina chake kama mtu anayerudi nyumbani jioni, kwa sababu nyumba ilikuwapo.

Kezilahabi alipokea swali bila ramani. Alikuwa amepita seminari na kuondoka na mashaka yake. Alikuwa amepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limechora ramani nyingine, ya vijiji na maendeleo, na kumtaka kila mwandishi aonyeshe njia. Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri Rauf Parfi, ambaye sijamsoma ila kwa tafsiri za mwenzangu. Wawili hao walipishana mwaka mmoja kuzaliwa, kila mmoja katika nchi iliyokuwa na hakika kubwa juu ya kesho. Sitaki kulinganisha kupita kiasi. Tanzania ya Nyerere haikuwa Uzbekistani ya Stalin, na hakuna mshairi wetu aliyepigwa risasi kwa huzuni; *Rosa Mistika* ilipigwa marufuku shuleni, na mwandishi wake akaendelea kufundisha. Lakini shaka ile dhidi ya huzuni isiyo na kazi naitambua. Kezilahabi alilaumiwa kwa kukata tamaa, kana kwamba tamaa ni mali ya umma. Hata kina, nadhani, kilikuwa kwake ahadi asiyoweza kuitoa kwa uaminifu. Katika utangulizi wa *Kichomi* alijitetea kwa kusema anataka lugha ya watu ya kila siku iingie katika ushairi. Ni hoja nzuri, na ndiyo tunayoinukuu. Mimi sasa naamini kulikuwa na sababu nyingine chini yake: mtu asiyejua pa kurudi hawezi kutunga ubeti unaorudi.

Na tazama jina lenyewe. Kichomi si neno la falsafa. Ni yale maumivu ya ubavuni yanayokushika unapovuta pumzi ndefu, ambayo kila mama wa Kiswahili ana dawa yake. Yanakuambia mahali kamili: hapa, chini ya mbavu, upande huu.

Tulianza kusoma pamoja, Jumapili jioni, baada ya yeye kuamka na kabla hajaenda kazini. Halikuwa wazo langu. Mimi nilikuwa nimeapa kutompelekea tena karatasi yoyote isipokuwa ya maandazi. Yeye ndiye aliyesema kwamba riwaya amechoka nayo lakini mashairi anayataka, na kwamba ayasome yeye kwa sauti, kwani mimi nasoma kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Kwa kweli anasoma vizuri. Mwalimu hapotei sauti.

Alipofika kwenye "Kisu Mkononi" nilitaka kuruka ukurasa. Akanizuia kwa kidole na kulisoma lote, polepole. Nilikuwa nimelifundisha shairi hilo kama kielelezo cha mtu aliyeshindwa na wakati. Yeye aliniambia kwamba kisu hakimshtui. Kinachomshtua ni kwamba yule mtu yuko peke yake kabisa mle ndani, hakuna anayebisha hodi. "Angebishiwa hodi," akasema, "angeweka kisu chini afungue. Mtu akibisha hodi huwezi kukaa kimya. Adabu haikuruhusu." Sijui kama hayo ni maoni juu ya shairi au juu yangu, niliyekuwa nikibisha hodi kwa ujumbe wa simu.

Siku nyingine tukafika kwenye "Mgomba". Ni shairi la mgomba uliokatwa na kuachwa ardhini, na katika darasa langu limekuwa daima shairi la kutokuwa na faida, la kiumbe aliyetumiwa na kutupwa. Nina slaidi yake. Mdogo wangu alilisoma mara mbili, kisha akauliza kama kweli mimi ni mtoto wa Muleba. Mgomba haukatwi hovyo, akasema. Unakatwa ukishazaa, na anayeukata anajua kwamba pembeni yake pana watoto wake watatu au wanne waliokwisha kuinuka, na kwamba ule uliolala utawaozea na kuwalisha. Nikamwambia kwamba mshairi anatumia ishara. Akasema ishara na iwe, lakini ishara ya mgomba bila kibanja ni sawa na herufi bila neno.

Alikuwa amesema kibanja, na sote wawili tukanyamaza. Kwa wasomaji wasiotoka kwetu: kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, nasi Wahaya humo ndimo tunamozika. Babu yetu, ambaye ni mmoja, kwa kuwa mama zetu ni ndugu, amelala hatua chache kutoka mlango wa jikoni, chini ya majani yaleyale yanayofunikia ndizi zikipikwa. Tukiwa watoto tulipishana naye tukienda kuteka maji. Hakuna aliyesema hayupo. Tulisema yuko pale, tukionyesha kwa kidevu.

Nilifikiri kuhusu jinsi Kezilahabi mwenyewe alivyomaliza. Kuanzia 1995 alifundisha Botswana, mbali na ziwa. Diwani yake ya tatu, *Dhifa*, ikatoka 2008. Akafariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Siku ile niliandika tanzia fupi na kutumia neno "mdhanaishi" mara nne. Ningekuwa na uwezo ningeifuta. Mtu aliyetoka kisiwani na kuishi robo karne kwenye ukingo wa jangwa, akiandika kwa lugha ambayo jirani yake hakuijua, hakuhitaji Paris imfundishe upweke.

Sidai kwamba ushairi ulimponya mdogo wangu. Daktari anamwona kila baada ya wiki mbili, anameza kidonge kila asubuhi, yaani jioni yake, na Aprili alibadilishiwa zamu. Siku zimerefuka. Hayo matatu nadhani yamefanya kazi kubwa kuliko diwani yoyote, na ningependa wanafunzi wangu walisikie hilo kutoka kwangu. Ninachoweza kusema kwa ajili ya mashairi ni kwamba yalitupa mahali pa kukaa wawili kwa saa moja na nusu bila mimi kumuuliza anajisikiaje.

Mhadhara wa dakika hamsini nimeuandika upya. Camus amebaki, amepungua. *Al-Inkishafi* imeingia mwanzoni, na slaidi ya mgomba nimeifuta. Mwenzangu wa Tashkent amekubali kuja darasani mwezi Oktoba kuzungumzia aruz na kile kilichotokea ilipovunjika, na nimemwahidi kwamba safari hii watakaokuja hawatakuja kwa ajili ya chai, ingawa chai nitapika.

Mdogo wangu bado hukaa Backlick Road, katika chumba kilekile, ingawa anasema anatafuta kingine chenye dirisha la maana. Jana nilimtumia ujumbe kama kawaida nikimuuliza kama yupo. Akajibu: "Nipo kituoni, basi limechelewa." Nikamkumbusha kwamba *Kichwamaji* ni nakala yangu ya darasani na naihitaji Jumatatu. Ujumbe ameuona. Hajajibu.